UZI: Kwa nini 720,720 inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16, kisha inakwama kwenye 17

Mwalimu wa Igogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba tuweke kando siasa na bei ya sangara kwa muda, tujadili namba moja tu, nayo ni 720,720. Inatokana na swali la KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika (namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa), ambalo kila aliyesoma shule ya msingi amewahi kulikuta likiwa na namba tatu au nne ndogo. Ila ukilisukuma mbele kidogo linafika mahali ambapo hata mtu mzima atalazimika kutafuta kalamu.

Chukueni mitumbwi kumi na sita inayoondoka Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, asubuhi moja. Wa kwanza hurudi kila siku, wa pili kila baada ya siku 2, wa tatu kila baada ya siku 3, na kuendelea hivyo hadi wa kumi na sita, ambao huvua kwenye kambi za visiwa vya mbali na kurudi kila baada ya siku 16. Kila mtumbwi ukifika hushusha mzigo na kuondoka siku hiyohiyo. Najua hakuna mvuvi mwenye ratiba ya namna hiyo, maana mwezi, upepo na bei ya petroli ndivyo vinavyopanga. Huu ni mfano wa ubaoni. Swali ni kwamba mitumbwi yote kumi na sita itakuwa mwaloni kwa pamoja tena siku ya ngapi?

Jibu ni siku ya 720,720. Ukigawanya kwa siku 365 na robo unapata miaka 1,973 na miezi karibu mitatu. Mitumbwi iliyoagana enzi za dola ya Rumi ndiyo kwanza ingekuwa inakutana sasa.

Njia ya kulipata jibu ni kuzivunja namba zote kuanzia 1 hadi 16 katika vigawo tasa (namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu), kisha kuchukua kila kigawo tasa kwa kipeo kikubwa kuliko vyote kilichojitokeza. Kwa 2, kipeo kikubwa ni cha 4, kwa sababu ya 16. Kwa 3 ni cha 2, kwa sababu ya 9. Namba 5, 7, 11 na 13 zinaingia mara moja moja. Hivyo:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Jambo ninalotaka tulitazame kwa makini ni namna jibu linavyokua. Kwa mitumbwi kumi ya kwanza jibu ni siku 2,520, ambazo hazifiki miaka saba. Ukiongeza wa kumi na moja linaruka hadi 27,720. Ukiongeza wa kumi na mbili halisogei hata kidogo, kwa kuwa 12 ni 4 mara 3 na vyote viwili vimo tayari. Wa kumi na tatu unalipeleka hadi 360,360. Wa kumi na nne na wa kumi na tano hawaongezi kitu. Wa kumi na sita unalizidisha mara mbili tu, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 3 ilikuwapo na kilichopungua ni 2 moja. Kisha anakuja wa kumi na saba, ambaye ni tasa na hana ndugu humo ndani, na jibu linazidishwa mara 17 kuwa 12,252,240, yaani zaidi ya miaka 33,500. Wanajiolojia wanakadiria kwamba ziwa letu hili, Victoria, lilikauka na kujaa upya karibu miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo mitumbwi hiyo kumi na saba ingekuta katikati ya safari hakuna maji ya kuelea.

Namba mpya inaongeza jibu pale tu inapokuwa tasa au kipeo cha namba tasa. Nyingine zote zinakuta kazi imekwisha kufanywa. Karibuni.

Mchuuzi wa Mwaloni

Mwalimu, nashukuru kwa mada. Mimi ni mtu wa dagaa na si wa hesabu, lakini nina swali. Tulipokuwa shule tulizoea kuzidisha namba zote kwa pamoja, na jibu lilikuwa linatoka. Kwa nini tusizidishe 1 mara 2 mara 3 hadi 16 tukamaliza?

Mwalimu wa Igogo

Mkuu, ukizidisha hivyo utapata siku ambayo kweli mitumbwi yote ipo, ila si siku ya kwanza. Zao la 1 hadi 16 ni 20,922,789,888,000. Ukiligawanya kwa 720,720 unapata 29,030,400. Maana yake ni kwamba kufikia siku hiyo mitumbwi itakuwa imekwisha kukutana yote mara zaidi ya milioni 29, na wewe umesimama pale na ndoo zako ukidai ni mara ya kwanza.

Kuzidisha moja kwa moja kunatoa KDS pale tu ambapo namba hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Ikiwa ni 7, 11 na 13, zidisha bila wasiwasi. Ikiwa ni 6 na 8, zao ni 48 lakini 24 inatosha, kwa sababu umeihesabu 2 moja mara mbili.

Binti wa Nansio

Shikamoo Mwalimu. Nimeufuatilia mfano wako nikiwa huku Ukerewe, na nimejiuliza mambo mawili ambayo naona yamo ndani yake. La kwanza, katika siku hizo 720,720 ni siku ngapi ambazo mtumbwi wa kwanza utakuwa peke yake mwaloni, bila mwingine yeyote? La pili, kwa wastani mwaloni utapokea mitumbwi mingapi kwa siku? Naona la pili lina jibu rahisi kuliko linavyoonekana.

Mwalimu wa Igogo

Marahaba, dada. Umeuliza maswali mawili mazuri kuliko langu.

Kwa la kwanza, mtumbwi wa kwanza unakuwa peke yake katika siku ambayo namba yake haigawanyiki kwa 2, 3, 4 na kuendelea hadi 16. Tusihangaike na zote kumi na tano, maana siku isiyogawanyika kwa 2 haiwezi kugawanyika kwa 4, wala kwa 6, wala kwa 14. Zinatosha namba tasa sita: 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Nusu ya siku zinaondoka kwa sababu ya 2. Katika zinazobaki, theluthi inaondoka kwa sababu ya 3, na zinabaki theluthi mbili. Kisha zinabaki nne za tano, sita za saba, kumi za kumi na moja, na kumi na mbili za kumi na tatu. Zidisha sehemu hizo zote kwa 720,720:

720,720 × 1/2 × 2/3 × 4/5 × 6/7 × 10/11 × 12/13 = 138,240

Siku 138,240 ni pungufu kidogo ya moja ya tano ya mzunguko mzima. Kazi hii ya kuhesabu namba zisizo na kigawo cha shirika na namba fulani ni ya Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, na hadi leo hubeba jina lake.

Kwa la pili, mtumbwi wa kwanza unafika mara 720,720, wa pili nusu ya hizo, wa tatu theluthi, na kuendelea. Wastani wa siku moja ni 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 hadi 1/16. Kwa kujumlisha sehemu hizi unahitaji asili (namba ya chini ya sehemu) moja ya shirika, na asili hiyo ni ileile 720,720. Jumla ni 2,436,559 juu ya 720,720, yaani mitumbwi 3.38 kwa siku. Sehemu hiyo haiwezi kurahisishwa zaidi, na si kila mara inakuwa hivyo: ukijumlisha 1 + 1/2 hadi 1/6, KDS ni 60, lakini jibu ni 147 juu ya 60, ambalo hurahisishwa kuwa 49 juu ya 20.

Mzee wa Pasiansi

Ndugu Mwalimu, mimi nilivutiwa na namba hii kwa jinsi inavyoandikwa. Ni 720 na 720 tena. Naona kama ndiyo siri yake: imejirudia, kwa hiyo imekuwa na nguvu. Je, si kweli?

Mwalimu wa Igogo

Mzee wangu, hapa naomba tutenganishe sifa za namba na sifa za maandishi yake, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea, hasa wanaotafuta bahati kwenye tarakimu.

Kujirudia kwa 720 kuna maelezo mafupi. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, umeizidisha kwa 1,001. Nayo 1,001 ni 7 × 11 × 13. Kwa hiyo 347,347 inagawanyika kwa 7, 11 na 13, na 905,905 pia, na namba yoyote utakayobuni wewe. Jaribu na wajukuu zako: waambie waandike tarakimu tatu mara mbili, wagawanye kwa 7, kisha kwa 11, kisha kwa 13, watarudi kwenye tarakimu zao tatu bila baki.

Kilichotokea katika 720,720 ni kwamba vigawo tasa vikubwa vitatu vinavyohitajika ni hivyohivyo 7, 11 na 13, na vilivyobaki, 2⁴ × 3² × 5, vinazaa 720. Ni sadfa ya kuhesabu kwa kumi. Ukihesabu kwa kumi na mbili, namba hiyohiyo inaandikwa 2, kisha tarakimu ya kumi, kisha 9, 1, 0, 0, na hakuna kinachojirudia. Kompyuta zinazoandika kwa kumi na sita zinaiita AFF50, ambapo A ni kumi na F ni kumi na tano. Ukihesabu kwa sitini, kama Wababiloni wa kale, inakuwa 3, 20, 12, 0. Lakini katika maandishi yote hayo bado inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16, na bado ina vigawo idadi ileile. Hiyo ndiyo sifa ya namba yenyewe. Kujirudia ni nguo tu.

Hata hivyo, 1,001 ina faida ambayo sijui kwa nini haisisitizwi madarasani. Ukitaka kujua kama namba kubwa inagawanyika kwa 7, 11 au 13, ikate katika makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na jumlisha makundi kwa zamu. Tuseme 68,800, ambazo ni kilomita za mraba za ziwa letu kama zinavyotajwa mara nyingi. Makundi ni 68 na 800. Ukitoa, 800 − 68 = 732. Nayo 732 ukiigawanya kwa 7 inabaki 4, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 4. Basi 68,800 haigawanyiki kwa hata moja, na mabaki yake ni hayohayo. Hutafanya mgawanyo mrefu tena.

Kijana wa Nyegezi

Mwalimu, naomba kufahamu kuhusu idadi ya vigawo. Nimesoma mahali kwamba 720,720 ina vigawo 240. Nilianza kuviorodhesha nikachoka kabla ya kufika mia. Pia, kwa kuwa 720,720 inagawanyika kwa kila namba tasa ndogo, je, 720,721 si lazima iwe tasa? Kwa sababu ukiigawanya kwa 2 inabaki 1, kwa 3 inabaki 1, kwa 5 inabaki 1, hadi 13.

Mwalimu wa Igogo

Usiorodheshe, mdogo wangu. Kila kigawo cha 720,720 kinatengenezwa kwa kuchagua vipeo. Kwa 2 unaweza kuchukua kipeo cha 0, 1, 2, 3 au 4, hivyo una nafasi tano. Kwa 3 una nafasi tatu. Kwa 5, 7, 11 na 13 unachagua kuiweka au kuiacha, yaani nafasi mbili mbili. Zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Umemaliza bila kuandika kigawo hata kimoja.

Vigawo hivyo 240 vinakwenda kwa jozi 120, kwa sababu kila kigawo kina mwenzake ambaye wakizidishwa wanazaa namba yenyewe: 1 na 720,720, 2 na 360,360, na kuendelea hadi katikati. Jozi ya katikati kabisa ni 840 × 858. Tazama sasa: katikati ya 840 na 858 ni 849, na umbali kutoka hapo ni 9 kila upande. Kwa hiyo 720,720 ni mraba wa 849 kutoa mraba wa 9, yaani 720,801 − 81. Hili la kwamba kilichopungua ili kufikia mraba kamili nacho ni mraba kamili huwa linanifurahisha, ingawa linafuata moja kwa moja kutoka kwenye jozi hiyo. Jozi nyingine: 24 × 30,030, ambapo 30,030 ni zao la namba tasa sita za kwanza. Na 5,040 × 143, ambapo 5,040 ni zao la 1 hadi 7. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliichagua 5,040 kuwa idadi ya kaya za mji aliouwazia, kwa sababu inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10 na kwa 12 pia, na hivyo ardhi na kodi zingegawanywa bila ugomvi. Kwa 11 haigawanyiki, na yeye mwenyewe alishauri kwamba ukiondoa kaya mbili tu, 5,038 inagawanyika.

Kuhusu 720,721, hoja yako inathibitisha kwamba namba tasa kuanzia 2 hadi 13 haziigawi. Haisemi lolote kuhusu 17 na kuendelea. Ukizijaribu moja moja utafika 71, nayo inagawa: 71 × 10,151 = 720,721. Zote mbili ni tasa, kwa hiyo 720,721 ina vigawo vinne tu, ikiwa jirani wa mlango kwa mlango na namba yenye 240. Upande wa pili, 720,719 ni 31 × 67 × 347. Ndivyo ilivyo pia kwa 30,030: ukiongeza 1 unapata 30,031, ambayo ni 59 × 509. Hoja ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kwamba namba tasa hazina mwisho huwa inasomwa vibaya hapo. Yeye hakusema kwamba ukizidisha namba tasa na kuongeza 1 utapata tasa. Alichoonyesha ni kwamba utapata namba ambayo vigawo vyake tasa havimo katika orodha uliyoanza nayo. Orodha yetu iliishia 13, na 71 haimo.

Tena kuna jambo kubwa zaidi katika ujirani huo. 720,722 inagawanyika kwa 2, kwa sababu umeongeza 2 kwenye kitu kinachogawanyika kwa 2. 720,723 inagawanyika kwa 3. 720,724 kwa 4. Endelea hivyo hadi 720,736, ambayo inagawanyika kwa 16. Ukirudi nyuma ni vilevile: 720,718 kwa 2, 720,717 kwa 3, hadi 720,704 kwa 16. Jirani wawili wa karibu nimekwisha kuwavunja. Basi kuanzia 720,704 hadi 720,736 kuna namba 33 zinazofuatana, na hakuna tasa hata moja kati yao. Kwa njia hiyohiyo unaweza kutengeneza jangwa lisilo na tasa lenye urefu wowote unaoutaka, ukianza na KDS kubwa zaidi.

Fundi Gia wa Igoma

Naomba nichangie kwa upande wa ufundi, maana sisi tunaitumia hesabu hii kinyumenyume.

Gia mbili zinapokamatana, swali la fundi ni lilelile la mitumbwi: jino hili na jino lile vitagusana tena baada ya muda gani? Ukiwa na gia ndogo ya meno 14 na kubwa ya meno 28, KDS ni 28, kwa hiyo baada ya mizunguko miwili tu ya gia ndogo, jino lilelile linarudi palepale. Kila jino dogo linagusa meno mawili tu ya gia kubwa maisha yake yote. Likiwa na kasoro, linachimba sehemu hizohizo mpaka gia inaanza kulia. Ukiwa na 13 na 27, hazina kigawo cha shirika, KDS ni 351, na jino dogo linazungukia meno yote 27 kabla ya kurudia. Uchakavu unasambaa. Ukifungua gia boksi ukayahesabu meno, mara nyingi utakuta idadi zisizogawanyika pamoja, na wengi hudhani aliyebuni alikosea.

Kwa hiyo 720,720, pamoja na sifa zote mnazoipa, ni aina ya namba ambayo kwenye gia hatuitaki.

Mwalimu wa Igogo

Fundi, umenisaidia kueleza jambo ambalo lingechukua aya tatu. Mpanga ratiba na mgawaji mafungu wanataka vigawo vingi, na mtengeneza gia anavikimbia.

Niongeze jambo dogo la wapanga ratiba, kwa kuwa saa zetu zimejengwa juu ya 60 na 24: dakika 720,720 ni siku 500 na nusu kamili, bila dakika ya ziada. Sekunde 720,720 ni siku 8, saa 8 na dakika 12, bila sekunde ya ziada.

Mzee wa Pasiansi

Nimeelewa kuhusu tarakimu kujirudia, na nakubali. Lakini bado nauliza: kati ya namba zote, hii ni bingwa wa vigawo au ni moja tu kati ya nyingi? Na ukivijumlisha vigawo vyake inakuwaje? Nakumbuka tulifundishwa kwamba vigawo vya 6, ukiiacha 6 yenyewe, vinajumlika kuwa 6.

Mwalimu wa Igogo

Kumbukumbu yako ni sahihi, mzee. 1 + 2 + 3 = 6, na namba za namna hiyo ni chache mno; zinazofuata ni 28, 496 na 8,128. Namba yetu iko mbali sana na usawa huo. Vigawo vyake vyote 240 vinajumlika kuwa 3,249,792. Ukiiondoa yenyewe inabaki 2,529,072, yaani zaidi ya mara tatu na nusu ya namba yenyewe.

Kuhusu ubingwa: ndiyo, hakuna namba ndogo kuliko 720,720 yenye vigawo 240 au zaidi. Chini ya milioni moja kuna nyingine nne zinazolingana nayo kwa idadi, ambazo ni 831,600, 942,480, 982,800 na 997,920, lakini zote ni kubwa kuliko yenyewe. Itazame 942,480: ni ileile 720,720 iliyoondolewa 13 ikawekewa 17. Vigawo havikuongezeka, gharama imepanda. Bingwa hujengwa kwa namba tasa ndogo kwanza, na vipeo vyake haviwezi kupanda unapoelekea kwenye namba tasa kubwa: 4, 2, 1, 1, 1, 1. Kama kipeo cha 3 kingekuwa kikubwa kuliko cha 2, ungevibadilishana ukapata namba ndogo yenye vigawo vilevile.

Aliyezichunguza namba hizi kwa kina ni Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyezaliwa mwaka 1887 na kufika Cambridge, Uingereza, mwaka 1914. Mwaka uliofuata alichapisha makala ndefu kuhusu namba zenye vigawo vingi kuliko kila namba iliyo ndogo kuliko zenyewe. Alithibitisha hilo la vipeo kutopanda, na pia kwamba kipeo cha mwisho ni 1 daima, isipokuwa kwa namba mbili tu, 4 na 36. Orodha aliyoitengeneza kwa mkono iliruka moja, 293,318,625,600, jambo ambalo kwa mtu aliyefanya kazi hiyo bila mashine halimpunguzii chochote.

Binti wa Nansio

Basi, Mwalimu, je, mambo haya mawili ni kitu kimoja? Namba ya mitumbwi kukutana, yaani KDS ya 1 hadi namba fulani, itakuwa bingwa wa vigawo kila mara? Maana 2,520 nayo nimeihesabu, ina vigawo 48, na sijaona ndogo yake yenye vingi hivyo.

Mwalimu wa Igogo

Hapana, dada, ingawa zinakutana mara kadhaa. 12, 60, 2,520, 27,720 na 720,720 ziko katika orodha zote mbili. Lakini rudi kwenye mitumbwi kumi na mitatu: jibu lilikuwa 360,360, nayo ina vigawo 4 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 192. Kuna 332,640, ambayo ni 2⁵ × 3³ × 5 × 7 × 11, nayo ina 6 × 4 × 2 × 2 × 2 = 192 vilevile, na ni ndogo zaidi. Kwa hiyo 360,360 si bingwa. Sababu ni kwamba KDS inalazimishwa kubeba 13 mara tu mtumbwi wa kumi na tatu unapoingia majini, hata kama kwa wakati huo ingekuwa nafuu kuongeza 2 au 3 nyingine. Bingwa wa vigawo halazimishwi na mtu. Hununua kilicho nafuu.

Na bingwa anayefuata baada ya 720,720 anaonyesha jambo hilo waziwazi. Ni 1,081,080, yaani 2³ × 3³ × 5 × 7 × 11 × 13. Ameacha 2 moja akachukua 3 moja, amepata vigawo 4 × 4 × 2 × 2 × 2 × 2 = 256, na nayo pia ni 1,001 mara kitu, safari hii mara 1,080. Ila haigawanyiki kwa 16. Siku ya 1,081,080 mitumbwi kumi na mitano ingekuwa mwaloni, na wa kumi na sita ungekuwa bado kambini, umebakiza siku nane.